Bibi jirani aniambia kunguru huenda ni mzee wangu aliyerudi. Wana jamvi, mwasemaje?

#1 MzeeWaBanda

Wakuu, salaam. Sijui uzi huu ni wa dini au wa ufugaji, kwa hivyo nauweka hapa kwenye porojo. Wasimamizi wakiona haufai, wauhamishe.

Mie nakaa Makadara ya Mombasa, nyumba ya zamani ya ghorofa tatu, na juu ya paa nina banda la kuku. Mlango unaotazamana na wangu akaa bibi mmoja wa Kihindi, mjane, themanini kazipita. Twapatana vizuri. Akipika dhokla huniletea, nami nikitoka shamba humletea madafu. Chai yangu hanywi, maana sufuria zangu zimeonja nyama, na hilo kanieleza siku ya kwanza bila kuzunguka.

Mwaka juzi kuku wangu aliangua vifaranga 11. Siku ya nne nikawatoa waote jua, nikashuka kuchukua maji. Dakika tano, hazikufika kumi. Narudi, wako saba. Kunguru katua juu ya tangi la maji, kifaranga kiko chini ya mguu wake na bado chalia. Akakidonoa kichwani mara mbili, kikanyamaza. Kilichonikera zaidi ni kwamba hakuwa akitazama anachokula. Alikuwa akinitazama mie.

Jioni nikanunua vichwa vya samaki na dawa ya panya. Niko kwenye ngazi navipasua vichwa ili niitie dawa, bibi akatokea na ndoo yake ya nguo za kuanika. Akaniuliza nafanya nini, nikamwambia. Hakunigombeza. Akakaa kwenye kidato, akatua ndoo, akasema: "Beta (yaani mwanangu), ukitaka kuua, utaua. Lakini ngojea kidogo. Pengine huyo ni mzee yako. Pengine ni mama yangu. Mimi sijui. Wewe unajua?"

Nikacheka. Nikamwambia bibi, babangu alikuwa mvuvi Mtwapa, mtu wa heshima zake, harudi duniani kuniibia vifaranga. Naye akaniuliza kama mtu aulizaye bei ya nyanya: "Ulikuwa na deni yake?"

Sasa hapo wakuu ndipo nilipokaa kimya. Babangu alifariki nikiwa Dubai. Mwaka wake wa mwisho aliniomba pesa za nyavu mara tatu, na mara tatu nikamjibu mwezi ujao inshallah. Bibi hilo halijui. Hakuna alijuaye isipokuwa mie na simu ile ya zamani.

Vile vichwa sikuvitega. Niliogopa kuvitupa jaani paka wasije wakala, nikavifukia kwenye pipa la mchanga.

Swali langu: hii imani ya kwamba tulishaishi zamani na tutarudi tena, humfanya mtu awe na huruma kweli? Au ni woga wa deni tu uliovishwa kanzu?

#2 Chapakazi

Basi yule aliyeninyang'anya mahamri mkononi pale Mwembe Tayari saa mbili asubuhi lazima ni marehemu ami yangu. Tabia ni ile ile. Hata mwendo.

#3 UstadhTudor

MzeeWaBanda, kwanza Mungu amrehemu mzazi wako. Deni la nyavu lina njia yake: mtolee sadaka, muombee dua, na kama kuna mvuvi maskini Mtwapa mnunulie nyavu kwa niaba yake. Hiyo ndiyo simu anayopokea.

Ama habari ya roho kutoka mwili huu kuingia mwili mwingine, wanazuoni wetu huiita *tanasukh*, na haimo katika itikadi ya Kiislamu. Isome Suratul Muuminun, aya ya 99 na ya 100. Mtu akifikiwa na mauti husema, Mola wangu nirudishe ili nitende mema niliyoyaacha. Jibu ni hapana, na mbele yao kuna *barzakh*, yaani kizuizi, mpaka siku ya kufufuliwa. Kwa hivyo hakuna zamu ya pili. Huruma yako yote yatakiwa ipatikane katika zamu hii hii uliyo nayo.

Wala huruma kwa mnyama haihitaji awe jamaa yako. Katika Hadithi sahihi kuna mtu aliyekuwa na kiu, akashuka kisimani akanywa. Alipopanda akamkuta mbwa anaramba udongo mbichi kwa kiu. Akasema huyu amefikwa na lile lililonifika mimi, akashuka tena, akajaza maji kiatu chake cha ngozi, akakibana kwa meno akapanda, akamnywesha. Mungu akamsamehe. Na yuko mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Yule mtu hakuuliza kama mbwa ni babake. Alijua kiu tu.

#4 Chapakazi

Ustadh, na hawa paka wa Mji wa Kale wanaokaa mbele ya mkahawa wakikutazama samaki mpaka mwiba wa mwisho, nao wamo kwenye hesabu?

#5 UstadhTudor

Wamo. Mwachie mwiba na nyama kidogo.

#6 BintiLangoni

Nimesoma nikatabasamu, maana najua ni bibi wa namna gani. Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa, babu wa babu yangu alishuka na jahazi kutoka Gujarat. Acheni nirekebishe mambo mawili matatu, kwa sababu watu wa bara na wa pwani mnatutia wote chungu kimoja mkasema "Wahindi".

Bibi yako, kwa unavyomweleza, ni Mhindu. Kila mwaka, mara nyingi mwezi wa 9, Wahindu wana kipindi cha siku kumi na sita hivi cha kuwakumbuka wazee waliokufa, *Pitru Paksha*. Wagujarati hupika dudhpak, yaani maziwa yaliyochemshwa na wali kidogo na sukari mpaka yakawa mazito, pamoja na puri za moto. Kabla ya mtu yeyote nyumbani hajaonja, sahani hupelekwa juu ya paa na kunguru huitwa: *kaagvaas! kaagvaas!* Akija akala, watu hufurahi, wazee wamepokea. Nenda Ganjoni kipindi hicho utazame mapaa.

Lakini kwa mafundisho, yule kunguru si babu mwenyewe. Ni mjumbe. Wazee wa vizazi vitatu huaminiwa kuwa wako kwenye makao yao, na kunguru ndiye tarishi. Sasa mtu ataniuliza: kama babu yuko huko, na imani inasema roho hurudi kuzaliwa, amerudi au hajarudi? Swali hilo niliwahi kumuuliza shangazi mmoja wa Kihindu, akaniambia nyamaza upange puri. Kwa hivyo bibi yako anaposema "pengine ni mama yangu" amechanganya mambo mawili, na mimi nampenda kwa kuchanganya huko.

Sisi kwetu ni Wajaini, dini nyengine ya kale ya India. Lile hekalu jeupe la marumaru la Langoni, lililojengwa 1963, ndilo letu. Sisi hatumlishi kunguru kwa ajili ya marehemu. Kwetu roho haina tarishi wala haina mtu wa kuilipia deni lake, hata mwanawe. Karma kwetu si hukumu inayotoka kwa Mungu. Ni kitu, kama vumbi jembamba mno linaloganda kwenye roho kila unapoumiza, unapodanganya, unapong'ang'ania mali. Roho yenye vumbi ni nzito, hurudi kuzaliwa tena, iwe mtu, mdudu, mti, hata tone la maji. Tunahesabu viumbe kwa hisia walizo nazo. Mti una moja, ya mguso. Mnyoo mbili. Sisimizi tatu. Nyuki nne. Tano ni za watu, ng'ombe, samaki, ndege. Kunguru wako, MzeeWaBanda, yuko darasa moja na wewe.

Hiyo ndiyo sababu nyumbani hatuli kiazi, kitunguu wala kitunguu saumu. Uking'oa mzizi umeua mmea wote na viumbe wasiohesabika waliomo. Mimi nimekua Mombasa, mji wa viazi karai, bila kiazi! Mama alikuwa akitutengenezea bhajia za ndizi mbichi tukazipeleka skuli tukijifanya ni mbatata. Na babu, Mungu amlaze, alikuwa akimwaga unga kwenye kona ya duka kila asubuhi kabla hajafungua mlango, kwa ajili ya sisimizi. Wateja walidhani ni dawa ya kuvuta biashara.

#7 Mrabai_Asili

Mnazungumza kana kwamba jambo hili limekuja na jahazi. Sisi hapa nyuma ya Mazeras wazee wetu hawakwenda mbali kiasi hicho. Mtu akifa ni *koma*. Hurudi, lakini hurudi ndotoni. Husema nasikia baridi, sina nguo, mmenisahau, nataka tembo la mnazi. Ukipuuza, mtoto anaumwa, mbuzi anatupa mimba. Basi unatoka unamwagia tembo pale kwenye vigingi vyake, unamfunga kipande cha kitambaa. Wale waliokuwa wakubwa wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, huchongewa kigango, yaani nguzo ya mti ya kumbukumbu, na hivyo vigango ndivyo wezi walivyoviuza hadi Marekani.

Na majina je? Mwanangu wa kwanza ana jina la babangu. Mamangu humwita "bwana". Akilia usiku, mamangu humwambia "bwana nyamaza, mbona waniaibisha mbele za watu". Hakuna mtu kwetu atakayekwambia huyu mtoto ndiye mzee mwenyewe kweli kweli. Lakini tangu apewe jina hilo, nimeshindwa kumchapa. Nyanyua mkono umpige babako, utaweza?

MzeeWaBanda, kwa hivyo mie nakujibu ndiyo. Na hatujahitaji kuamini chochote kikubwa. Jina tu.

#8 NesiWaZamu

Nitaharibu sherehe kidogo, mnisamehe.

Nina mtoto wa miaka tisa ana mtindio wa ubongo. Nilipokuwa nikimbeba kwenda mazoezi ya viungo, kwenye kliniki moja ambayo siitaji, palikuwa na mama mstaarabu sana, anajitolea, analeta biskuti na maziwa. Siku moja akanishika mkono, kwa upole wote, akaniambia nisihuzunike, roho ya mwanangu inamaliza deni la maisha yake ya zamani, na mimi pia huenda nilimtendea jambo. Alidhani ananipa zawadi. Nilirudi nyumbani na matatu ya Kisauni nikiwa nimemkumbatia mwanangu, najiuliza mtoto asiyeweza kushika kijiko alimuua nani.

Na msidhani dini zenu zimenusurika. Mchungaji mmoja aliniuliza kuna laana gani kwenu. Mwengine akaniambia nina jini. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi wanamwuliza Yesu juu ya kipofu wa kuzaliwa: nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akawajibu, si huyu wala si wazazi wake. Aya hiyo naijua kwa moyo, nimeitumia kama ngao mara nyingi.

Kwa hivyo swali la MzeeWaBanda mimi naligeuza. Ukimtazama kunguru ukasema huenda ni babangu, umekuwa mpole. Ukimtazama mtoto mgonjwa ukasema huenda alikuwa mwovu, umekuwa nini? Imani ni ile ile moja. Huko India ilitumika hivyo miaka mingi: umezaliwa wa kufagia vyoo kwa sababu ya uliyoyatenda zamani, basi fagia. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa kwenye jamii iliyoitwa isiyoguswa na baadaye akaongoza kamati iliyoandika katiba ya India, alichoka na hoja hiyo. Tarehe 14 Oktoba 1956 pale Nagpur aliuacha Uhindu akawa Mbuddha pamoja na mamia ya maelfu ya watu. Viapo alivyowaapisha vilikuwa 22, na kimojawapo ni kwamba hawatafanya tena hizo ibada za kuwalisha marehemu, hizo hizo za puri juu ya paa.

#9 Chapakazi

Hapa sina mzaha. Pole sana dada.

#10 BintiLangoni

NesiWaZamu, sitakutetea imani yangu mbele ya mwanao. Ulichoambiwa nimekisikia kwa masikio yangu nyumbani kwetu. Mjomba wangu alikuwa na hamali mmoja, mtu wa mkokoteni kutoka Majengo, akavunjika mguu gurudumu lilipong'oka. Mjomba akasema "karma yake", akaendelea kuandika daftari. Babu, yule yule wa unga wa sisimizi, akalifunga daftari kwa kiganja. Akamwambia kwa Kigujarati: mguu ni wake, gurudumu ni lako. Mjomba alilipa hospitali, lakini alilipa kwa kununa.

Ninachoweza kukwambia ni jinsi babu alivyotufunza. Alisema hesabu ya karma ni daftari la mtu mwenyewe, ukifungua la mwenzio umeiba. Kwenye vitabu vyetu haikuandikwa hivyo, maana huko kuna hadithi tele za fulani aliyepata hili kwa sababu alitenda lile. Ni babu tu.

Jambo moja nalipenda lisipotee. Kila mwaka, mwezi wa 8 au wa 9, tuna siku nane za kufunga na kujitazama, *Paryushan*. Siku ya mwisho tunaombana msamaha, kila mtu kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo: *micchami dukkadam*. Yaani ubaya niliokutendea, kwa kujua au kutojua, ubatilike. Siku hizi watu hutuma kwa simu ujumbe mmoja kwa watu mia tatu, umekwisha. Lakini babu alikuwa akishuka dukani anawaambia mahamali mmoja mmoja, kwa Kiswahili chake kibovu. Wao walidhani anaomba msamaha kwa sababu anataka kuwafuta kazi.

#11 MamaTwaha

Nina kisa nataka mnifafanulie, lakini sitaki fujo.

Dadangu akaa Likoni. Bintiye alipokuwa na miaka mitatu, alianza kusema "nyumbani kwangu kwa zamani". Nyumbani kwangu kwa zamani kulikuwa na mti mkubwa wa mkungu. Nyumbani kwangu kwa zamani baba alikuwa na baskeli. Akiogeshwa asema "mamangu wa zamani hakuwa akinitia sabuni machoni". Dadangu alichanganyikiwa. Alimsomesha kisomo, akamtia hirizi, akaja na maji ya zamzam. Wapi. Alipotimiza miaka sita hivi siku moja nikamwuliza, je nyumbani kwako kwa zamani? Akanitazama kama mie ndiye mwendawazimu.

Kilichotushangaza ni ule mkungu. Pale Likoni wanapokaa hapana mkungu.

#12 NesiWaZamu

MamaTwaha, visa kama hicho vimekusanywa kwa maelfu. Yuko daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, Ian Stevenson, aliyefariki 2007. Alitumia zaidi ya miaka arobaini akizunguka India, Sri Lanka, Lebanon, Burma na kwengineko akiwahoji watoto wanaosema walishaishi. Faili zilifika zaidi ya 2,500. Na umri ni huo huo wa mpwa wako: huanza kusema wakiwa na miaka miwili hadi minne, na wakikaribia umri wa kuingia skuli husahau.

Kisa mashuhuri kuliko vyote ni cha Shanti Devi, aliyezaliwa Delhi 1926. Akiwa mdogo alidai kwao ni Mathura, mumewe ni mfanyabiashara, na yeye alikufa baada ya kujifungua. Huyo mume alipatikana, na mkewe kweli alikuwa amefariki 1925. Gandhi mwenyewe aliteua kamati ikachunguze.

Wapinzani nao wana hoja zao, na mie niko upande wao. Visa vingi vinatoka kwenye jamii ambazo tayari zinaamini. Mara nyingi familia mbili zimeshakutana na kuzungumza kabla mtafiti hajafika, kwa hivyo huwezi tena kujua mtoto alisema nini na mtu mzima aliongeza nini. Mtafiti hutegemea mkalimani. Na mtoto wa miaka mitatu ni sponji: amesikia mkungu kwenye hadithi ya bibi, kwenye televisheni, kwa mpishi. Mkiuliza "na baba yako wa zamani alikuwa na nini?", atawapa baskeli. Mngeuliza zaidi angewapa na lori.

#13 MamaTwaha

Ahsante. Lakini hiyo ya sabuni bado yanichekesha.

#14 BahariaMstaafu

Nimefuata uzi tangu jana, sasa niseme langu. Nimefanya kazi melini miaka ishirini na tisa. Kuna wakati meli yetu ilikamatwa kwa madeni Colombo, tukakaa bandarini wiki saba bila mshahara. Nilikuwa nikienda kukaa kwenye hekalu la Kibuddha kwa sababu lilikuwa na kivuli na maji ya bure, msinifikirie vingine. Palikuwa na mtawa mzee ajuaye Kiingereza, alikuwa akinieleza picha za ukutani. Zile ni hadithi za maisha ya zamani ya Buddha, *Jataka*, zaidi ya 540, na humo yeye ni sungura, ni tembo, ni nyani, ni mfanyabiashara.

Moja sijaisahau. Yeye alikuwa mfalme wa swala. Mfalme wa watu alikuwa akiwinda kila siku mpaka wanyama wakajeruhiwa ovyo, basi wakapatana: kila siku swala mmoja atajipeleka mwenyewe, kwa kura. Ikafika zamu ya jike mwenye mimba. Kiongozi wa kundi lake akamwambia kura ni kura. Akaenda kwa yule mfalme wa swala wa kundi jengine. Huyo hakutafuta wa kumbadilisha. Akaenda yeye mwenyewe akalaza shingo kwenye gogo. Mpishi akashindwa kushusha shoka, akamwita bwana wake. Mwisho wake mfalme hakuwasamehe hao wawili tu. Swala akamwuliza na wengine je? Akasamehewa wengine. Na wanyama wengine? Wakasamehewa. Na ndege? Na samaki? Mpaka mfalme akaishiwa na chakula.

Yule mtawa ndiye aliyeniambia pia neno moja la Buddha, kwamba mzunguko huu ni mrefu mno hata ni shida kumpata kiumbe ambaye hajawahi kuwa mama yako. Ukikaa kutafakari, unamtwaa mtu usiyempenda, unajiambia: huyu alinibeba miezi tisa. Mie nikamwambia kuna nahodha mmoja wa Kigiriki siwezi. Akasema basi anza na mbwa.

Tofauti na bibi wa MzeeWaBanda ni hii: bibi anauliza deni. Mtawa alikuwa akiniambia nyonyo. Kwamba ulishanyonyeshwa na kila mtu. Mie ni Muislamu, nakubaliana na Ustadh, zamu ni moja. Lakini yule nahodha wa Kigiriki, wiki ya sita nilimpelekea chai.

#15 UstadhTudor

Baharia, chai umeipeleka katika zamu hii. Sina neno.

#16 MhudumuWaPwani

Mimi nafanya kazi hoteli moja Bamburi na naomba tuwe wakweli kidogo kuhusu hawa kunguru. Hawa hawakuzaliwa huku. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 kutoka India ili wale taka, na Mombasa walionekana kufikia 1947. Wazee wengine huwaita kurabu. Leo hebu niambieni, mara ya mwisho kumwona ndege mdogo akijenga kiota kwa amani mjini ni lini? Wanakula mayai ya mnana, wanakula makinda, wanawafukuza hata mwewe. Mgeni akigeuka, soseji haipo. 2024 Shirika la Wanyamapori la KWS lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja, kwa sumu, na mimi nilipiga makofi.

Kwa hivyo mnaposema huruma, huruma kwa nani? Kinda la mnana nalo huenda ni mama ya mtu.

#17 Chapakazi

Sasa hapo patamu.

#18 BintiLangoni

Ni swali zuri na mimi sina jibu safi. Kwetu hata ukimuua kunguru ili umwokoe mnana, vumbi limeganda. Huwezi kumlipia mmoja kwa mwengine. Ndiyo maana watawa wetu hufunika mdomo kwa kitambaa na kufagia wanapopita, kisha bado wanajua kila pumzi inaua. Lakini watawa hawaendeshi hoteli wala hawafugi kuku. Babu angesema zuia taka. Kunguru anafuata majaa yetu. Mji ungekuwa unazoa taka kila siku, hawa milioni wangekula nini? Hilo la majaa nadhani hata wewe MhudumuWaPwani utalikubali.

#19 MhudumuWaPwani

Majaa nakubali. Soseji siwasamehei.

#20 MzeeWaBanda

Wakuu nimerudi. Nilikuwa na mambo ya shamba. Nimesoma yote, ya NesiWaZamu nimeyasoma mara mbili.

Nieleze kilichotokea, maana nilianzisha uzi nikauacha nusu. Mwezi wa 9 uliopita bibi alikuwa na magoti mabaya, kupanda ngazi za paa hawezi. Akanigongea saa tano asubuhi. Kasimama mlangoni na sahani ya chuma, puri nne na bakuli ya maziwa mazito, kafunika na kitambaa. Akasema mume yake ngojea, magoti hapana. Hakusema zaidi.

Basi mie, mwenye banda, niliyepoteza vifaranga vinne, nikabeba sahani ya kunguru nikapanda nayo. Nikaiweka kwenye ukuta mbali na banda. Kuita *kaagvaas* nilishindwa, niliona haya, majirani wa nyumba ya pili walikuwa wakianika nguo. Nikapiga mluzi. Hakuja mtu. Nikarudi nyuma mpaka kwenye tangi, nikakaa. Akaja mmoja, akatua, akatembea ule mwendo wao wa kiaskari. Akachukua puri nzima, akaikunja kwa mguu, akaichovya kwenye maziwa. Wallahi akaichovya. Kisha akanitazama, akaondoka nayo kuelekea upande wa Mji wa Kale.

Nikashuka nikamwambia bibi amekula. Akauliza, alichovya? Nikasema alichovya. Akafunga mlango taratibu, nikamsikia ndani akisema na mtu ambaye hayupo.

Ustadh, nimeingia kwenye shirki?

#21 UstadhTudor

Kumbebea jirani mzigo wake si ibada. Nia yako waijua wewe na Mola wako. Ila wakati mwengine mwambie akutafutie mtoto wa Kihindi apande naye.

#22 Mrabai_Asili

Na vifaranga je? Kuku wako ameshaatamia tena?

#23 MzeeWaBanda

Ameangua tisa, wote wazima mpaka leo. Nilikwenda Mtwapa, nikanunua wavu wa kuvulia kwa mtu aliyefahamiana na mzee, nikafunika banda lote mpaka chini. Nilinunua vipande viwili. Kimoja nimemwachia huko huko.

#24 MhudumuWaPwani

Wavu wa macho mangapi? Mie nilitia wa inchi mbili wakapitisha vichwa.

#25 MzeeWaBanda

Inchi moja. Na uufunge kwa kamba ya nailoni, usitumie waya, wakiuvuta kwa mdomo waya hukatika.